Dopamini ni dereva tu, sikiliza konda anavyogonga bodi

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alinikabidhi simu yake akaniambia kaka nitunzie hii mpaka Jumapili, nafanya dopamini detoksi. Nikamuuliza ndo nini hiyo, akanielezea vizuri tu kama alivyoiona kwenye video, kwamba dopamini, ile kemikali ambayo seli za ubongo zinapeana ujumbe nayo, imejaa kichwani kwa sababu ya kuskroli usiku kucha na sasa anataka ipungue, yani kama mtu anavyomwaga oili chafu ya pikipiki aweke nyingine. Nikaipokea nikaitupia kabatini. Dogo hana kosa, ila dopamini imepewa umaarufu mkubwa kuliko kazi yake, kila kitu siku hizi ni dopamini, ukila chipsi dopamini, ukipata laiki dopamini, ukiachwa dopamini imeshuka. Hakuna anayeuliza hizo seli za dopamini zenyewe zinaamrishwa na nani, na hapo ndo utamu wote ulipo.

Tuanze na idadi manake inashangaza. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva kama bilioni 86. Zile za dopamini zilizoko kwenye ubongo wa kati ni laki 4 mpaka laki 6 hivi, ukijumlisha kulia na kushoto, yani haifiki hata seli moja kwenye kila laki. Zimekaa sana sana kwenye vieneo viwili vya jirani. Kimoja kinaitwa sabstansia nigra, Kilatini hicho, maana yake kitu cheusi, na kweli ubongo ukikatwa pale unaona weusi kwa macho bila darubini. Kingine kinafupishwa VTA. Ila uchache wake usikudanganye, manake seli moja inatoa tawi linalogawanyika vibaya mno, mwaka 2009 kuna watafiti walifuatilia matawi ya seli moja moja kwenye ubongo wa panya wakakuta seli moja inaweza kufikia mpaka karibu asilimia 6 ya eneo zima la striatamu, yani lile eneo linalopokea dopamini. Kwaiyo ni wachache, lakini wakisema neno linasikika mtaa mzima.

Sasa fikiria daladala ya Mbagala. Watu wanamuona dereva, ndo ameshika usukani, ndo analaumiwa akikimbia. Lakini dereva wa daladala haoni nyuma, hajui nani anashuka nani bado anapanda, anayejua ni konda. Konda anagonga bodi, mara moja simama, pa pa twende. Dereva mzuri wala hageuki, anasikiliza bati tu. Seli ya dopamini ni huyo dereva. Na kwenye kichwa chako makonda ni wawili wakuu, wote ni asidi amino za kawaida kabisa, glutameti anayegonga pa pa, na GABA anayegonga mara moja. Yupo na wa tatu, glaisini, ila yeye kazi zake nyingi ziko kwenye uti wa mgongo na sehemu za chini za ubongo, leo tumwache.

Asidi amino unazijua, ni yale matofali ambayo mwili unajengea protini, japo GABA yeye hajengi protini, yupo kwenye ukoo tu. Glutameti unaila kila siku. Mwaka 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aliitoa kwenye mchuzi wa mwani (sio huu wa Zanzibar, ni mwingine unaitwa kombu) akagundua ndo inayoleta ule utamu wa mchuzi ambao sio sukari wala chumvi. Nyanya iliyoiva vizuri ina glutameti kibao, na ule unga wa kuongeza ladha kwenye mchuzi ni hiyohiyo. Na kabla hujaanza kuogopa mchuzi wa shemeji, glutameti ya chakula haivuki hivi hivi kuingia kwenye ubongo, kuna ukuta kati ya damu na ubongo unaoizuia, na ubongo unajitengenezea ya kwake ndani.

Kitu kilichonifanya niipende hii mada ni kwamba GABA inatengenezwa kutoka kwenye glutameti. Hatua moja tu! Kimeng'enya kinakata kipande kidogo cha kaboni dayoksaidi pembeni ya glutameti, kinachobaki ni GABA. Yani breki inachongwa kutoka kwenye mafuta ya gesi. Na hicho kimeng'enya hakifanyi kazi bila vitamini B6, ndo maana kuna jambo manesi wa kliniki za TB wanalijua vizuri. Dawa ya isonaizidi inavuruga B6 mwilini, kwaiyo anayeitumia mara nyingi anapewa na vidonge vya B6, hasa ili miguu na mikono isipatwe na ganzi. Lakini mtu akimeza isonaizidi nyingi kupita kiasi kwa mkupuo anaweza kuanguka na degedege kali, manake GABA imekauka, breki hakuna, glutameti imebaki peke yake, na tiba yake hospitali ni kumchoma B6 kwa wingi. Hapo hujahitaji maabara ya Ulaya kuamini kwamba hivi vitu viwili vinaishi kwa kupimana.

Turudi kwa dereva. Ukichukua kipande chembamba cha ubongo wa panya chenye seli za dopamini ukakiweka kwenye maji yenye chumvi na oksijeni, zile seli zinaendelea kupiga zenyewe, tik tik tik, kwa mwendo uleule kama saa ya ukutani, hakuna anayezituma. Injini imewashwa, gari iko stendi. Kwa mnyama aliye hai hali ni tofauti, mara seli inapiga kama 2 mpaka 5 kwa sekunde, mara inanyamaza kabisa, mara ghafla inafyatua mfululizo wa mapigo ya harakaharaka, 15, 20 kwa sekunde na zaidi, alafu inatulia. Huo mfululizo ndo unaomwaga dopamini nyingi kwa mara moja, ndo ile hali watu wanayoizungumzia wakisema dopamini imepanda. Na kwenye kile kipande cha maabara hutauona. Kwanini? Manake makonda wamekatwa, nyaya zinazoleta glutameti na GABA kutoka mbali zimebaki kwenye ubongo uliotupwa.

Glutameti anasababishaje ule mfululizo? Juu ya seli ya dopamini kuna milango ya aina mbili inayomsikiliza. Wa kwanza unaitwa AMPA, huu hauna maswali, glutameti akigusa unafunguka sodiamu inaingia umeme wa seli unapanda kidogo. Wa pili unaitwa NMDA na huu una kiburi. Katikati yake kimeziba kipande cha magnesiamu kama kizibo cha chupa, hata glutameti akigusa haupitishi kitu mpaka umeme wa seli uwe umeshapanda, hapo kizibo kinachomoka na kalsiamu inamiminika ndani. Yani mlango wa funguo mbili, mmoja wa nje mmoja wa ndani. Kwaiyo konda kugonga peke yake haitoshi, inabidi agonge na gari nayo iwe imeshaanza kutikisika. Ikishafika hapo seli inafyatuka mfululizo. Mwaka 2009 kuna watafiti walitengeneza panya ambao NMDA imeondolewa kwenye seli za dopamini tu, kwingine kote iko sawa, na ule mfululizo ukapungua sana. Panya walikula, walitembea, ila wakawa wazito kujifunza kwamba ishara fulani inamaanisha kuna zawadi inakuja. Seli zilikuwepo, dopamini ilikuwepo, kilichokosekana ni sikio la kumsikia konda.

GABA naye ana milango yake. Mmoja ni wa haraka, unaingiza kloraidi na umeme unashuka au unashindwa kupanda. Mwingine ni wa polepole, unatumia njia ndefu mpaka kufungulia potasiamu itoke nje, na ukishaanza haukati mara moja. Na wanaofikiri GABA ni msaidizi mdogo wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya miunganisho inayotua kwenye seli za dopamini za sabstansia nigra ni ya GABA. Dereva huyu anaishi mguu ukiwa kwenye breki.

Na breki hii sio ya kusimamisha tu, inafanya hesabu. Wolfram Schultz na wenzake walikuwa wanarekodi seli za dopamini za nyani wanaopewa tone la juisi. Nyani akipewa juisi bila kutegemea, seli zinafyatuka. Ikiwa kila mara taa inawaka kabla ya juisi, baada ya siku kadhaa seli zinaanza kufyatuka kwenye taa, juisi yenyewe ikija zinakaa kimya kama hakuna kilichotokea. Na taa ikiwaka alafu juisi isije, pale pale kwenye sekunde ambayo juisi ilitakiwa ifike, seli zinanyamaza chini ya kawaida. Makala yao ya mwaka 1997 ndo ilieleza kwamba seli hizi hazipimi utamu, zinapima tofauti kati ya ulichopata na ulichotegemea. Sawa, lakini hiyo tofauti anaitoa nani? Kutoa kunahitaji namba mbili. Watafiti wa Harvard mwaka 2012 waliangalia seli za GABA zilizoko palepale VTA, majirani wa zile za dopamini, wakakuta zinapiga kwa bidii kati ya ishara na zawadi, na zawadi inayotegemewa ikiwa kubwa zinapiga zaidi. Yani hao ndo wamebeba matarajio. Mwaka 2015 wakaenda mbali zaidi, wakaziwasha na kuzizima hizo seli za GABA kwa mwanga, wakaona seli za dopamini zinajibu kama zinafanya hesabu ya kutoa kweli kweli, zawadi ondoa matarajio.

Mi hapa nilikaa nikafikiria ile soda ya kwanza baada ya futari. Siku ya kwanza ya Ramadhani koo linashangilia, siku ya ishirini unaifungua huku unaongea na mtu mwingine. Tulizoea kusema umezoea basi, lakini kuzoea maana yake kuna seli mahali fulani imeshaandika mapema kwamba inakuja, na inagonga bodi.

Sasa tukaze kidogo. Mpaka hapa ungesema rahisi, glutameti anapandisha dopamini, GABA anashusha, tumemaliza. Hapana bwana. Kuna kidude kidogo katikati ya ubongo kinaitwa habenula, upande wake wa pembeni unawaka pale mambo yanapokwenda vibaya. Matsumoto na Hikosaka mwaka 2007 waliona kwa nyani kwamba zawadi isipokuja habenula inapiga kelele na punde seli za dopamini zinanyamaza. Lakini seli za habenula zinatoa glutameti, yule wa pa pa! Itakuwaje pa pa ikasimamisha gari? Jibu likaja miaka miwili baadaye, kuna kundi la seli za GABA nyuma ya VTA, habenula inawaambia wao, wao ndo wanamwambia dereva. Kwaiyo glutameti amewapigia pa pa makonda wa kusimamisha, nao wakaamka wakagonga kwa nguvu zaidi. Usiulize tu kemikali gani imetoka, uliza imetua kwa nani.

Na ukishaelewa hilo utaelewa unga. Mtu aliyevuta heroini umeshamuona, amesimama pembeni ya barabara amejikunja kama anaokota kitu, anasinzia wala haanguki. Heroini na mofini ni dawa za kuzima, zikigusa seli zinaituliza. Sasa dawa ya kuzima inapandishaje dopamini? Hilo swali lilisumbua watu kwa muda. Mwaka 1992 Johnson na North wakachukua vipande vya ubongo wa panya wakaangalia seli moja moja, wakakuta vipokezi vya opioidi, yani sehemu za seli zinazoshikwa na dawa za jamii hii, viko kwenye seli za GABA, sio kwenye seli za dopamini. Dawa inamlaza konda wa breki. Dereva hajakanyagiwa gesi na mtu yeyote, ila sasa hakuna anayemgongea asimame, na tukumbuke injini yake ilikuwa inanguruma yenyewe siku zote. Kuzima kinachozima ni kuwasha. Ile hesabu ya darasani ya hasi mara hasi, mwalimu alituambia ni chanya na hatukuona itatufaa wapi.

Dayazepamu na ndugu zake wanafanya mchezo unaofanana na huo, wao wanaongeza nguvu ya GABA na bado dopamini inapanda, manake aina ya vipokezi wanavyoshika iko zaidi kwenye zile seli za breki, kwaiyo breki inafunga breki nyingine. Hiyo ilionyeshwa kwa panya mwaka 2010. Ndo sababu dawa ya "usingizi tu" inaweza kumgeuza mtu akawa haachi.

Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, mtu anakuja asubuhi anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu anaondoka. Wapo wanaosema si ni kumbadilishia unga kwa unga? Kipokezi ni kilekile ndio, lakini heroini inafika kichwani kwa sekunde chache na kukata baada ya masaa, yani konda anazimika ghafla anaamka ghafla na hasira, siku inakuwa mawimbi. Methadoni inapanda taratibu na kukaa karibu siku nzima. Konda yuko nusu usingizi muda wote, hakuna kufyatuka, hakuna ule mshtuko wa kuamka, mtu anaweza kwenda kazini. Naona wanaobeza hawajawahi kuishi nyumba moja na mtu mwenye arosto.

Kokeini njia yake nyingine, yenyewe inazuia dopamini iliyomwagwa isirudishwe ndani, kwaiyo ungedhani haihusiani na hawa makonda. Inahusiana. Mwaka 2001 ilionekana kwamba panya akichomwa kokeini mara moja tu, kesho yake milango ya AMPA kwenye seli zake za dopamini imeongezeka nguvu, siku ya tano bado, siku ya kumi imerudi kawaida. Mara moja! Dawa imeshatoka mwilini zamani ila sikio la dereva limebaki kali, pa pa ndogo anaisikia kama ngoma. Na walipomchoma pamoja na dawa ya kuziba NMDA mabadiliko hayakutokea, kwaiyo ule mlango wa funguo mbili ndo uliokuwa unaandika kumbukumbu. Baadaye ikaonekana hata msongo mkali bila dawa yoyote unaacha alama ya namna hiyohiyo.

Glutameti ikizidi nayo ni balaa lingine. Kwenye ugonjwa wa Parkinson seli za sabstansia nigra zinakufa taratibu, na jirani yao mmoja aitwaye nyukliasi ya sabthalamasi anapoteza aliyekuwa anamtuliza, anaanza kumwaga glutameti bila mpango. Wagonjwa wengine wanawekewa waya mwembamba wa umeme hapohapo, upasuaji ulioanzia Grenoble, Ufaransa, miaka ya mwanzo ya 1990, na mkono uliokuwa unatetemeka unatulia mtu akiwa mezani anaongea na daktari. Sio dopamini iliyoongezwa pale. Ni konda aliyenyamazishwa.

Alafu kuna jambo ambalo linaharibu mfano wangu wote wa daladala na siwezi kulificha. Baadhi ya seli za dopamini zenyewe zinatoa glutameti, na zipo zinazotoa GABA, palepale zinapotoa dopamini. Yani dereva naye anagonga bodi za wenzake huku anaendesha. Sina daladala ya kufananisha na hiyo.

Basi dogo na detoksi yake. Ijumaa alikuwa mkali, kila dakika chache anapapasa mfuko wa suruali alafu anakumbuka. Anasema unaona, dopamini inatoka hiyo. Nikamwambia haitoki popote mdogo wangu, ni kwamba ikifika muda ambao umezoea simu ilie, GABA ameshagonga kwamba zawadi inakuja, haiji, na dereva anafunga breki, ndo huko kununa. Akaniangalia kama naongea Kichina. Jumamosi saa mbili usiku, muda ambao kundi lao la mpira huwa linachangamka, akanifuata jikoni, akasimama mlangoni kama anatafuta kitu, akaniuliza kaka, ile simu ina chaji lakini?